Sura ya Saba: Maji Yaliyokwisha Kuanguka

Mjini Lodwar mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250, na miaka mingine haifiki hata nusu ya hapo. Hata hivyo mji una mto. Turkwel unapita ubavuni mwa mji, chini ya daraja la barabara kuu, maji yake ya rangi ya udongo yakijipenyeza kati ya migunga na vichaka vya mathenge. Tangu alfajiri hadi magharibi watu wako kando yake: huyu anachota, yule anafua, watoto wanaoga, mbuzi wananyweshwa. Wageni wanaoshuka matatu ya Kitale, mashati yamewaganda mgongoni kwa jasho, huuliza karibu wote swali moja: maji ya kuogelea yako wapi? Kuna ufuko? Kuna maporomoko?

Ufuko upo, na ni mzuri. Maporomoko nayo yapo, lakini anayeyatafuta lazima kwanza aelewe jinsi maji ya nchi hii yanavyosafiri. Turkana ni bonde. Mvua yake ni haba, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yake inatoka milimani, mbali, kwa watu wengine, na kabla ya kufika hapa imekwisha kushuka magenge na kupita makorongo. Anayesimama Lodwar akitazama Turkwel ukienda polepole anatazama mwisho wa safari ambayo mwanzo wake ulikuwa kishindo.

Mto huu unaanzia Mlima Elgon, ambako jina lake ni Suam, na kwa kipande fulani ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Mvua ile ile ya Elgon ikielekea magharibi inatengeneza maporomoko ya Sipi, ambayo yana hoteli, waelekezi na watalii wa kila msimu. Ikielekea mashariki inaingia Suam, inashuka katika nchi ya Wapokot, na kufikia korongo jembamba ambalo wahandisi walilitazama wakaona umeme. Bwawa la Turkwel lilijengwa kati ya 1986 na 1991. Ukuta wake wa zege, uliopinda kama upinde, una kimo cha mita 153, na hakuna bwawa refu kuliko hilo nchini Kenya. Maji yanaingizwa kwenye mabomba, yanaangushwa kwa nguvu juu ya mitambo, na mitambo hiyo iliundwa kutoa megawati 106. Hayo nayo ni maporomoko, ila hakuna anayeyaona. Na kwa miaka mingi umeme wake ulipanda nyaya kwenda kusini huku Lodwar, mji ambao mto huo unaupitia, ukiwashiwa taa na jenereta za dizeli. Wazee wa Lodwar hawajalisahau jambo hilo, na wana haki ya kutolisahau.

Kabla ya bwawa, Turkwel ulikuwa ukifurika kwa msimu, ukilowesha misitu ya kandokando yake ambayo familia za Waturkana zimegawana tangu zamani, kila moja ikijua miti yake, kivuli chake na matunda ambayo mifugo itakula wakati wa kiangazi. Msitu wa mto hauishi kwa mvua, unaishi kwa mafuriko. Bwawa liliyapunguza mafuriko hayo na kuufanya mto utiririke kwa kipimo. Kwa mkulima wa shamba la umwagiliaji hiyo ni nafuu. Kwa mgunga mzee uliozoea kulowa shina mara moja kwa mwaka, si nafuu.

Mto wa pili ni Kerio, unaofuata bonde kutoka kusini. Huo ndio unaopokea vijito vya ukingo wa Elgeyo, na ukingo ule, anayeujua atakubali, ni nchi ya maporomoko hasa: Torok na mengine mengi yasiyo na kibao wala njia, maji yakijitupa kutoka nyanda za baridi za Iten na Marakwet hadi kwenye joto la bondeni. Wamarakwet walikwisha kuyatega maji hayo kwa mifereji iliyochimbwa karne nyingi zilizopita, ikaning'inizwa kwenye ubavu wa mlima kwa mawe na magogo, na mpaka leo koo zinagawana zamu za kumwagilia. Yanayobaki yanaendelea kaskazini. Miaka mingi Kerio hukauka kabla ya kufika ziwani, na kinachobaki ni mchanga mpana mweupe ambao mtu hulazimika kuuchimba ili apate maji ya kunywa.

Sasa twende ufukweni.

Eliye iko kando ya Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 60 kutoka Lodwar. Barabara inakata uwanda wa mawe meusi na mchanga, na sehemu ya mwisho ni mchanga mtupu, ambako dereva asiyejua kupunguza upepo wa magurudumu atakwama bila shaka. Kisha, bila onyo, mikoma inajitokeza, minara mirefu iliyogawanyika matawi, ambayo kwa majani yake akina mama husuka vikapu na mikeka na ambayo nyumba nyingi za hapa zimeezekwa kwayo. Nyuma ya mikoma liko ziwa. Asiyelijua hudhani ni bahari, na kudhani hivyo si ujinga: lina urefu wa karibu kilomita 290, mawimbi yake yanavunjika ufukweni, ng'ambo haionekani vizuri kwa vumbi la joto, na upepo wa asubuhi unalisukuma mpaka wavuvi wenye mashua ndogo wanakaa chini wakingoja utulie. Ni ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka. Halina mto wa kutokea. Kila kinachoingia hubaki au hupanda angani kama mvuke, na chumvi inaachwa nyuma. Ndiyo maana maji yake yana ladha ya magadi na sabuni haifanyi povu la kawaida ndani yake. Mtu aliyebanwa sana na kiu huyanywa, lakini hayamfai.

Kinachoifanya Eliye iwe Eliye si ziwa bali chemchemi. Juu kidogo ya ufuko kuna tuta la mchanga, na chini ya tuta hilo maji matamu yanatokeza. Ukitaka kuyaona vizuri, usiangalie kwanza pale yalipokwisha kuwa kijito. Panda hadi penye mizizi ya mikoma, uchuchumae. Mchanga wa juu ni mkavu na unachoma vidole. Shubiri moja chini yake rangi inabadilika, inakuwa kahawia, halafu nyeusi, halafu inaanza kung'aa. Ukitia kidole, tundu linajaa. Ukikitoa, tundu linajifunga na punje za mchanga zinachezacheza pale maji yanapopenya kutoka chini. Hatua chache mbele matundu kama hayo yameungana, majani mabichi yameota, na maji yamepata njia. Yanashuka tuta, yanaruka kizingiti cha mizizi kisichofika magotini, yanaingia kidimbwi, na mwishowe yanapotelea ziwani, matamu yakaingia kwenye magadi.

Kizingiti kile cha mizizi ndicho maporomoko ya Eliye. Naandika neno hilo nikiwa na maana nalo. Chini yake watoto hukaa mmoja mmoja kwa zamu, maji yakiwapiga mabegani, wanapiga kelele kama watoto wa mahali popote penye maji yanayoanguka. Akina mama hupanga mitungi ya plastiki ya manjano kandokando na kuikinga kwa utaratibu ambao mgeni hauoni mpaka aukosee. Ukisogea na chupa yako, salamu kwanza: "Ejoka." Ukijibiwa "Ejok noi," subiri kidogo, na mama mmoja atakuashiria pa kukinga. Pa kuoga ni chini, pa kunywa ni juu. Mgeni anayeingiza miguu pale juu amewachafulia watu maji ya siku nzima.

Kijiji kinaishi kwa samaki. Ngege na mbuta huvuliwa usiku, hupasuliwa asubuhi, huanikwa juani au kutiwa chumvi, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda Kitale, Kisumu na Busia, na mzigo mwingine huvuka mpaka hadi Kongo. Biashara kubwa zaidi iko Kalokol, kaskazini ya hapa, ambako Wanorwei walijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda kilihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, vitu viwili ambavyo Kalokol haikuwa navyo. Kiligandisha samaki kwa muda mfupi sana, kikafungwa, na baadaye jengo likawa ghala la samaki wakavu. Njiani kuelekea huko, kabla ya kufika mjini, simama Namoratunga. Nguzo za mawe meusi zimesimamishwa pamoja karibu na barabara, na Waturkana wanasimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Nguzo kama hizo ziko pia Lothagam, na wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi huko wamethibitisha kwamba wafugaji wa miaka ipatayo 5,000 iliyopita waliwazika ndugu zao hapo kwa mamia. Ardhi hiyo hiyo ya Lothagam imetoa vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki. Leo kutoka Lothagam hadi majini ni mwendo wa kuchosha. Wavuvi wale hawakuwa wakitembea mwendo huo. Ziwa ndilo lililokuwa pale.

Hapo ndipo jambo hili linapopanuka. Zamani za mvua nyingi, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, Ziwa Turkana lilikuwa juu ya kimo chake cha leo kwa karibu mita 100. Lilijaa hadi likamwagika. Maji yake yalipita upande wa kaskazini-magharibi, kwenye nyanda za Lotikipi, ile tambarare kubwa iliyo kaskazini ya Kakuma, yakaingia mito ya Sudan Kusini na kuungana na Nile. Ushahidi unaogelea mpaka leo: mamba wa ziwa hili ni mamba wa Nile, na mbuta wake ni mbuta wa Nile. Leo hakuna mto unaowaunganisha na ndugu zao.

Kwa hiyo tunapofika Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, mahali ambapo vumbi la saa nane mchana linamfanya mtu asahau kwamba maji yapo duniani, tujue kwamba tumesimama karibu na njia ya zamani ya maji makubwa.

Kakuma ina mto wake, Tarach, ambao kwa miezi mingi ni mchanga tu. Watu hupita juu yake kwa miguu na bodaboda, wanawake huchimba visima humo, mbuzi hulala humo. Halafu mvua inanyesha mbali, kwenye miinuko ya mpaka wa Uganda, bila hata wingu moja kuonekana Kakuma, na ukuta wa maji ya matope unashuka. Wenyeji wanausikia kabla ya kuuona. Tarach umeua watu, umebomoa nyumba za udongo za wakimbizi, na kila baada ya miaka michache unakula ukingo mwingine. Mgeni akiambiwa "toka mtoni", atoke, asiulize kwa nini.

Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Wa kwanza walikuwa vijana wa Sudan, maelfu yao wakiwa bila wazazi, waliofukuzwa kwenye kambi za Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka Mei 1991. Walivuka Mto Gilo uliokuwa umejaa, wengi wakafa maji au kwa risasi, na waliosalia wakatembea hadi Kenya. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu karibu 300,000. Wanaishi kwa maji ya visima virefu, yanayotolewa kwa saa maalumu kwenye mabomba ya mtaa, na mitungi hupangwa foleni tangu kabla ya mapambazuko.

Sasa fikiria wanatoka wapi. Waliozaliwa Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini na Uganda, wanaujua mtelemko wa Fula, ambako Nile nzima inabanwa kati ya majabali na kuwa povu. Waliotoka kusini mwa Burundi wanayajua maporomoko ya Karera, katika Rutana, ambayo shule za huko hupeleka watoto kutembea. Wakongomani wa Kisangani wametoka mahali ambapo Mto Kongo unashuka vizingiti saba vya Boyoma, na kwenye kizingiti cha mwisho Wagenia wamesimamisha magogo makubwa ndani ya mwamba wenyewe, wakayafunga kwa kamba za mwituni, wakaning'iniza vikapu virefu vyenye umbo la pia mbele ya mkondo. Samaki anayesukumwa na maji anaingia mwenyewe. Wanaume huteremka kwenye magogo yale, maji yakinguruma chini ya nyayo, kuviinua vikapu kwa mikono. Ni kazi ya urithi: pahali pa kusimamisha gogo ni pa ukoo, na anayekosea hatua mkondo haumrudishi.

Na wako Wanyarwanda, ambao kwao Rusumo haiwezi kuwa jina la matembezi. Pale Mto Kagera unaangukia mpakani mwa Rwanda na Tanzania, na juu ya maporomoko kuna daraja. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara, upande wa Tanzania. Wakati huohuo chini yao maji yalikuwa yakiteremsha maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari, zikaruka maporomoko, zikafuata mto hadi Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Uganda waliziopoa na kuzizika. Leo pale Rusumo kuna mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Tanzania. Nchi tatu zilizosukumiana wakimbizi sasa zinagawana maji yaleyale yakigeuzwa umeme. Nautaja mtambo huo kwa sababu nitauhitaji mwishoni mwa sura.

Mgeni anayefika Kakuma akiwa na kamera, akiuliza wakimbizi juu ya vita tu, anaondoka na nusu ya watu. Waulize juu ya mito yao. Mzee ambaye hakutaka kusema neno juu ya njia aliyopita ataeleza kwa nusu saa jinsi kikapu cha Wagenia kinavyosukwa, mdomo wake upana gani, kamba ya mti upi haiozi. Anayesikiliza, akiwa amekaa juu ya mtungi mtupu, atajifunza mengi zaidi juu ya Kongo kuliko atakavyojifunza kwenye taarifa ya habari.

Kuhusu Lotikipi kuna habari moja zaidi, na nitaipitia upesi kwa kuwa iliumiza. Septemba 2013 serikali ya Kenya pamoja na UNESCO walitangaza kwamba chini ya nyanda zile kuna hifadhi kubwa ya maji, iliyogunduliwa kwa picha za setilaiti na kuthibitishwa kwa kuchimba. Magazeti yalisema Kenya imepata maji ya vizazi. Visima vya majaribio vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Hifadhi ndogo iliyo karibu na Lodwar ndiyo iliyofaa. Matangazo yalikuwa makubwa, na masahihisho yakaja kwa sauti ndogo.

Ziwa lenyewe linategemea mto wa tatu ambao bado sijautaja, na huo ni mkubwa kuliko Turkwel na Kerio kwa pamoja. Omo, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, huleta karibu asilimia 90 ya maji yote yanayoingia. Mwaka 2016 Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III juu ya mto huo, lenye kimo cha mita 243 na uwezo wa megawati 1,870. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Hifadhi za Taifa za Ziwa Turkana, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hofu ilikuwa kwamba ziwa litashuka. Kisha mvua kubwa za mwaka 2019 na 2020 zikalipandisha, na kule Eliye na Kalokol watu wakahamisha vibanda huku mikoma iliyosimama nchi kavu ikizama hadi kifuani. Mtu asije akasema kwamba hofu ilikuwa ya bure. Mvua ilijaza kwa muda, lakini bwawa litabaki pale miaka yote, na mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakileta rutuba na kuwaita samaki kutaga mayai sasa yanapangwa na mtu aliye mbali ambaye hajawahi kuliona soko la Kalokol.

Yamebaki maporomoko ya mahali pamoja, na ndiyo Turkana inaweza kuyaita yake.

Kapedo iko kusini kabisa mwa kaunti, Turkana Mashariki, mpakani na Tiaty ya Baringo. Kutoka Lodwar ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Lokichar, yenye visima vya mafuta, na Lokori. Njia nyingine inatoka Marigat hadi Loruk, kisha kaskazini. Juu yake unainuka mlima wa volkeno wa Silali, wenye shimo la kilele lenye upana wa kilomita tano na urefu wa nane. Chini, kwenye miamba myeusi ya lava, chemchemi zinabubujika maji ya moto. Si vuguvugu: yana nyuzi joto 50 hivi yanapotoka. Yanakusanyika kuwa mto mzima, yanasafiri mwendo mfupi kati ya mikoma na majani makali, kisha ardhi inakatika na maji yanaanguka, mita kama kumi, yakitoa mvuke asubuhi wakati hewa bado ni ya baridi. Kingo zimepakwa chumvi nyeupe, na mwamba ulio nyuma ya maji ni wa kijani cha mwani unaopenda joto. Kutoka hapo mto unaitwa Suguta. Unakimbilia kaskazini katika moja ya mabonde yenye joto kali kuliko yote Kenya, na kuishia Ziwa Logipi, bila kufika Turkana, kwa kuwa ukuta wa volkeno umeziba njia.

Nchini Kenya kuna maporomoko marefu zaidi, lakini ya maji ya moto, mto mzima, ya kuoga mtu chini yake kwa uangalifu, sijui mengine yanayolingana na haya. Mahali pengine duniani pangekuwa na barabara ya lami, vibanda vya chai na vijana wenye vitambulisho vya uelekezi. Kapedo pana kambi ya polisi.

Waturkana na Wapokot wote wanasema Kapedo ni yao. Ugomvi wa malisho na wizi wa mifugo ni wa zamani, lakini bunduki na mpaka wa kaunti vimeufanya mbaya zaidi, kwa kuwa sasa anayemiliki mji anamiliki pia kura, bajeti na, siku zijazo, mapato ya joto la ardhini ambalo serikali imekuwa ikilitafuta katika eneo la volkeno za Silali na Paka. Mwishoni mwa Oktoba 2014 maafisa wa polisi wapatao 20 waliuawa kwa kuviziwa karibu na Kapedo. Januari 2021 kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU aliuawa hapohapo, ikafuata operesheni iliyowaumiza raia wa pande zote mbili. Kila mara, shule hufungwa, malori ya chakula hayapiti, wagonjwa hukosa pa kwenda, na maji yanaendelea kuanguka bila mtu wa kuyatazama.

Kuna jambo moja ambalo kila mzee, chifu na mbunge wa pande hizo mbili angepaswa kulijua. Ziwa Baringo halina mto wa kutokea, na kwa kawaida ziwa la namna hiyo katika Bonde la Ufa huwa la chumvi. Lakini Baringo ni la maji matamu. Wanajiolojia wameeleza sababu yake: maji yanapenya kwenye nyufa za lava upande wa kaskazini, yanasafiri chini ya ardhi, yanapashwa moto na miamba, na sehemu yake inaibukia Kapedo. Maji yanayoanguka pale Turkana Mashariki, kwa sehemu, ni maji ya Baringo. Yamevuka mpaka chini kwa chini kwa maelfu ya miaka, na Turkana haiwezi kusema yameanzia kwake, wala Baringo haiwezi kuyarudisha.

Rusumo ilikuwa na damu nyingi zaidi ya Kapedo, na nchi tatu zimekubaliana juu yake kwa maandishi, kwa hisa na kwa mtambo unaofanya kazi. Kaunti mbili za nchi moja zinashindwa nini? Ninachoziomba serikali za Turkana na Baringo si hotuba nyingine ya amani uwanjani. Ni kituo kimoja cha afya kinachoendeshwa na kaunti zote mbili, lango moja la wageni kwenye maporomoko, waelekezi nusu Waturkana nusu Wapokot, na mapato yagawanywe sawasawa hadharani, kila robo mwaka, kwenye baraza. Serikali ya kitaifa nayo imalize kazi ya mpaka, kwa kuwa hiyo si ya kaunti.

Wewe msomaji, ukifika Lodwar, anzia Eliye. Beba maji ya kunywa, ondoka alfajiri, mpe kazi kijana wa hapo akuongoze, na ununue kikapu cha mkoma kwa bei anayotaja mama. Kapedo usiende kwa kusikia tu kwamba pametulia. Uliza Lodwar au Marigat, uliza wazee, uliza polisi, na ukiambiwa bado, ahirisha. Lakini uliza kila unapopita. Viongozi wakisikia kwamba wageni wanaiulizia Kapedo kwa sababu ya maji yake, watakuwa na sababu moja zaidi ya kuifungua.